Tamko kuhusu sukari ya damu na nuru ya macho

Sisi, wanachama wa chama cha watu wanaoishi na kisukari katika Muheto na vijiji jirani, wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini, pamoja na wenzetu wa upande wa Walikale waliojiunga nasi, tumekutana katika mkutano wetu mkuu, tumesikilizana, na kwa kauli moja tunatoa tamko hili kwa umma, kwa viongozi wa afya, kwa machifu, kwa viongozi wa dini, na kwa kila mwenye amri juu ya barabara zinazoingia na kutoka kwetu.

1. Kuna neno linalotembea vijijini, nalo limefika masikioni mwa kila mwanachama: kwamba sindano ya insulini hupofusha. Linasemwa sokoni, linasemwa kwenye foleni ya maji, limewahi kusemwa hata madhabahuni. Wanaolisema hutoa mifano ya majirani: fulani alikuwa anaona vizuri, akaanza sindano, na kabla ya mavuno ya pili akawa anashikwa mkono na mjukuu kwenda msalani. Chama hakiwacheki wanaosema hivyo. Waliyoyaona wameyaona kweli. Walichokosea ni kumtambua mwizi.

2. Kwa kuwa neno hilo limewafanya baadhi ya wenzetu waiache dawa, chama kimeona ni wajibu wake kueleza kinachotokea ndani ya jicho. Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Utando huo hulishwa na mishipa ya damu, mingine myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miezi na miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Mingine huvuja na mingine huziba. Maji yakituama katikati ya retina, mahali tunaposomea na kutambulia sura za watu, mistari hupinda na nyuso hufifia. Zile sehemu zilizokosa damu hulifanya jicho lioteshe mishipa mipya, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mishipa hiyo ni dhaifu kama miche iliyoota kivulini. Hupasuka, damu ikajaa ndani ya jicho. Na kovu lake huweza kuivuta retina hadi ikabanduka.

3. Yote hayo hutendeka bila maumivu. Mtu huweza kuhesabu ng'ombe walio mlima wa pili huku retina yake imeshaanza kuvuja. Kwa hiyo mgonjwa anayesema «naona vizuri, nitakwenda kupimwa macho yakinisumbua» hasemi ujinga. Anasema jambo ambalo magonjwa mengine yote yamemfundisha, kwamba panapouma ndipo pa kutibiwa. Kisukari hakifuati kanuni hiyo. Siku ukungu unapoingia, nafasi nzuri ya matibabu mara nyingi imeshapita, na kinachobaki ni kuokoa kilichosalia.

4. Kwamba kuitawala sukari hulinda macho si maoni ya chama hiki. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1993, huko Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Lingine lilipewa sindano tatu au zaidi kwa siku, au pampu ya insulini, na kupima sukari mara kwa mara. Miongoni mwa walioanza wakiwa na macho mazima, kundi la pili lilipunguza hatari ya kupata ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Na kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshaanza, mwendo wake ulipungua kwa asilimia 54. Mwaka 1998, utafiti mkubwa wa Uingereza juu ya kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi wetu wenye umri, ulionyesha kwamba kuishusha sukari kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo, na sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa watu wachache zaidi kuhitaji kuchomwa jicho kwa mwanga wa leza. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kuishusha tansio, yaani shinikizo la damu, hupunguza kasi ya ugonjwa wa macho kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, yaani asilimia 34. Hivyo anayepimwa sukari bila kupimwa tansio amelindwa nusu.

5. Sasa turudi kwa majirani wale waliopofuka baada ya kuanza sindano. Chama kinasema kwamba sababu zao ni mbili, na zote mbili zinajulikana na waganga.

Ya kwanza ni kuchelewa. Kwetu, mtu huanza insulini akiwa ameishi na sukari ya juu miaka mingi pasipo kujua, au akijua tu kwa sababu sisimizi walikusanyika pale alipokojoa. Jicho lilikuwa limeshaliwa. Sindano ilimkuta mgonjwa njiani kuelekea upofu, ikalaumiwa kwa kuwa ndiyo iliyoonekana.

Ya pili haisemwi vya kutosha, na hapa chama kinaomba wahudumu wa afya wasikilize. Sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa ghafla, macho ambayo tayari yana ugonjwa yanaweza kuzorota kwa muda kabla ya kupata nafuu. Hata katika utafiti ule wa Marekani na Kanada baadhi ya waliotibiwa kwa nguvu walizorota katika mwaka wa kwanza. Baadaye faida ikaja na ikadumu. Mgonjwa aliyeelezwa hayo mapema, akatazamwa jicho kabla ya dozi kupandishwa na akafuatiliwa baadaye, mara nyingi huvuka salama. Asiyeelezwa huona ukungu, huitupa chupa, na neno la kijiji hupata shahidi mpya.

6. Kuna jambo la tatu, zito kuliko yote mawili kwa watu wa eneo la vita. Watafiti walipoendelea kuwafuatilia watu wale wa Marekani na Kanada baada ya mwaka 1993, sukari ya makundi yote mawili ilikaribiana, lakini macho hayakukaribiana. Waliotawala sukari tangu mwanzo waliendelea kulindwa kwa miaka mingi. Waliochelewa waliendelea kulipa. Jicho hukumbuka. Miezi mitatu ya kukosa dawa haifutwi na mwezi mmoja wa kuipata tena, na mtu aliyekatishwa matibabu mara nyingi hubeba deni ambalo halionekani popote isipokuwa nyuma ya mboni.

7. Chama kinataka umma ujue kukatika huko kunafananaje. Mwanachama wetu mmoja ni mshonaji. Nyumbani kwake hakuna friji wala umeme. Chupa yake ya insulini huiweka ndani ya mtungi mdogo wa udongo, uliozamishwa katika beseni la mchanga anaoulowesha asubuhi na jioni, kwenye kona ambako jua halifiki. Bandeleti za kupimia sukari huzifunga katika kipande cha kitenge ili unyevu usiziharibu. Milio ya risasi ilipokaribia, alitoka na watoto, sufuria na blanketi, mtungi ukabaki. Alilala wiki nyingi katika darasa la shule, akila unga wa mahindi uliogawiwa, kwani hakuna kingine kilichogawiwa. Aliporudi alikuta beseni limechukuliwa na chupa imevunjika. Alikwenda kwenye cherehani yake, akachukua uzi, akaulamba ncha kama alivyofanya tangu ujana, akajaribu kuupitisha tunduni mwa sindano. Alijaribu hadi jua likazama. Tangu siku hiyo uzi hupitishwa na binti yake, na binti anapokuwa shuleni cherehani hulala.

Mama huyu hayumo katika hesabu yoyote ya majeruhi.

8. Chama kinatamka kwamba upofu unaotokana na dawa iliyokatishwa ni madhara ya mwanadamu kwa mwanadamu, na lazima uitwe hivyo. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya na usalama wa chakula, mambo mawili ambayo kwa mwenye kisukari ni jambo moja. Sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya misingi ya afya ya umma haikuiondoa Masisi wala Walikale katika mipaka yake. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda watu wenye ulemavu. Nasi tunasema ulinzi wa kwanza ni kumzuia mtu asifanywe kuwa mlemavu pasipo sababu. Na kwa wale wenye silaha ambao hawaitambui sheria ya mwenzao, kiko kifungu cha 3 kilicho sawa katika Mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949, kinachozifunga pande zote za vita vya ndani, kikiamuru kwamba waliojeruhiwa na wagonjwa wakusanywe na kuhudumiwa. Hakikusema wagonjwa wa risasi peke yao.

9. Wapo watakaosema kwamba huduma ya namna hii ni ya nchi zilizotulia. Chama kinawaheshimu, lakini hakikubali.

Hospitali ya Mweso, humuhumu Masisi, iliwahudumia wagonjwa wa kisukari kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka katikati ya misukosuko, na utafiti juu ya huduma hiyo ulichapishwa mwaka 2017. Jambo lililowezekana Mweso si ndoto Muheto.

Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wagonjwa walilazimika kufuata kila sindano hospitalini kwa kuwa hawakuwa na friji. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi hiyo, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiga joto hilo maabara kwa wiki nne, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba insulini ilipoteza nguvu isiyozidi asilimia 1. Milima ya Masisi ni baridi kuliko jangwa la Dadaab. Kwa wenzetu wa bonde na msitu wa Walikale, ambako joto ni jingine, mtungi na mchanga husaidia kupunguza joto. Kwa hiyo kumnyima mgonjwa chupa ya kwenda nayo nyumbani kwa hoja ya «huna friji» hakuna tena msingi.

Huko Moshi, Tanzania, chini ya Hospitali ya KCMC, programu ya Kilimanjaro iliwafuata wagonjwa wilayani na kamera ya kupiga picha ya retina, ikakuta ugonjwa wa macho kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne waliopimwa. Hao ni watu waliokuwa wakihudhuria kliniki, katika nchi yenye amani. Hali ya huku kwetu kila mwenye akili aikadirie mwenyewe. Nako Uingereza na Wales, baada ya kupima macho ya kila mwenye kisukari kuwa utaratibu wa taifa, ilitangazwa mwaka 2014 kwamba ugonjwa huu haukuwa tena sababu kuu ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, kwa mara ya kwanza katika miaka 50. Hawakugundua dawa ya miujiza. Walishusha sukari, walitazama macho mapema, na walitumia leza ambayo tangu mwaka 1976 inajulikana kwamba hupunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu.

10. Hata hivyo chama hakidai sukari ishushwe kwa gharama yoyote. Utafiti mwingine wa Marekani, uliojaribu kuishusha hadi kiwango cha mtu asiye na kisukari, ulisimamisha sehemu hiyo mwaka 2008 baada ya vifo kuongezeka, ingawa macho yalinufaika. Kwetu hatari hiyo ina sura yake. Anayekula mara moja kwa siku, naye hajui kama kesho atakula, akichomwa dozi iliyoandikwa kwa mtu wa milo mitatu, sukari yake itaanguka usiku na asubuhi huenda asiamke. Kwa sababu hiyo chama kinaomba muuguzi aulize kwanza mgonjwa amekula nini, na atakula nini, kabla ya kuandika namba ya dozi kwenye fishi yake ya matibabu. Pia kinaomba yale maneno ya «umekula sukari tena wewe» yakome. Aliyegawiwa unga wa mahindi mtupu hakuchagua unga huo.

11. Kutokana na hayo, chama kinatoa msimamo ufuatao.

Kwa kila mamlaka inayosimamia barabara, iwe ya serikali au ya wenye silaha: insulini, bandeleti, vidonge vya sukari na vya tansio vipite pasipo kodi, pasipo kufunguliwa juani na pasipo kucheleweshwa. Tangu Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege kufungwa, kila mzigo umekuwa na safari ndefu zaidi. Njia ya kutoka Goma kupita mji wa Sake ikifungwa, sisi hatubaki na njia nyingine ya maana. Kizuizi kimoja kinachoshikilia katoni moja kwa siku tatu kinashikilia macho ya watu ambao mlinzi wa kizuizi hatawaona kamwe.

Kwa viongozi wa zone za afya: iwepo akiba ya miezi mitatu, isikae yote mahali pamoja, na zinapoanza fununu za mapigano kila mgonjwa apewe dozi za mwezi mzima mkononi, pamoja na fishi yake, aondoke navyo. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza apate insulini anayoimudu na vifaa vya kujipimia. Lengo hilo halikuandika «isipokuwa Masisi».

Kwa hospitali na mashirika yanayozisaidia: jicho la kila mwenye kisukari litazamwe, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, walau mara moja kwa mwaka. Mwenye aina ya pili aanze siku ile ugonjwa unapogunduliwa, mwenye aina ya kwanza asipitishe mwaka wa tano. Mjamzito asisubiri mwaka uishe, kwani mimba huukimbiza ugonjwa huu. Madaktari wengi wa macho wa nchi yetu wako Kinshasa, na hilo halitabadilika kesho. Lakini muuguzi anaweza kufundishwa kupiga picha ya retina, na picha husafiri kwa urahisi kuliko mgonjwa.

Kwa wahudumu wote: anayerudi kutoka ukimbizini baada ya kukosa dawa asipandishiwe dozi kwa pupa. Atazamwe macho, aelezwe kitakachotokea, ashushwe kwa hatua. Pale ambapo jicho haliwezi kutazamwa, insulini isizuiliwe kwa sababu hiyo, maana bila insulini mwenye aina ya kwanza hufa. Ila mgonjwa ajue mapema kwamba ukungu ukija arudi kituoni, asiitupe chupa.

Kwa wachungaji, mapadri, maimamu na waganga wa jadi: chama kinaheshimu sala, nacho kina wanachama wanaosali sana. Kinaomba tu kwamba asiwepo mtu atakayeambiwa aitupe sindano kama ushahidi wa imani.

12. Chama nacho kimejifunga kwa maazimio. Kila mwanachama atajua namba yake ya sukari na ya tansio. Mwenye bandeleti za ziada atamkopesha jirani kabla ya kuziuza. Mtungi na beseni la mchanga vitafundishwa kila kijiji, kwa vitendo.

Zaidi ya hayo, chama kimefungua daftari. Halitaandikwa siasa wala halitamtaja aliyefunga barabara. Lina safu tatu. Ya kwanza ni namba ya mwanachama badala ya jina. Ya pili ni siku alizokaa bila dawa, zikihesabiwa moja moja. Ya tatu ni tarehe ambayo jicho lake lilitazamwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Nakala itapelekwa kila miezi mitatu kwa mganga mkuu wa zone, na kwa mamlaka yoyote itakayoiomba.

Safu ya pili tayari imejaa kurasa kadhaa. Ya tatu, kwa wengi wetu, ingali tupu. Daftari liko kwa katibu.

Limetolewa Muheto, kwa idhini ya mkutano mkuu.